Idadi ya Walaji

Rockville, 12 Februari 2006

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara mbili, na mara zote mbili theluji imenikatiza. Nasimama dirishani kuitazama, nikirudi mezani nimesahau nilitaka kusema nini. Imeanguka tangu jana mchana. Magari kule chini yamekuwa vichuguu vyeupe, na mwenye gari hajui lake mpaka apanguse namba.

Barua yako ya Desemba imefika wiki iliyopita. Nimefurahi kwamba mdogo wangu Silvanus amepata nafasi chuo cha ualimu, na kwamba mguu wako umepona. Mimi bado namhudumia yule mzee, Bwana Wayne. Naingia kwake saa kumi na mbili asubuhi, namwamsha, namwosha, namvalisha, namlisha. Magoti yake yamekataa kabisa baridi ya mwaka huu.

Umeniuliza mambo matatu kuhusu Kaka Boni: kama tumbo bado linamsumbua, kama anakula kabla ya kwenda chuoni, na kwa nini mwandiko wake haujafika nyumbani tangu Septemba. Nianze na la pili.

Unajua kwamba kutoka hapa hadi chuo chake kule Fairfax ni treni mbili na basi, na mimi natoka kabla hakujapambazuka. Hakuna wa kusimama jikoni. Na daktari wa hospitali ya Bugando alisema mtu mwenye vidonda vya tumbo asitoke na tumbo tupu. Dawa yake nimeipata kwa Bwana Wayne. Marehemu mkewe alikuwa akimtengenezea uji usiopikwa wa oti, nafaka wanayoila huku asubuhi. Unautengeneza jioni, unalala kwenye friji, asubuhi unaliwa vilevile, baridi. Nakuandikia kama ulivyotufundisha darasani.

Jina: Oti za kulala.

Mahitaji: Oti bapa nusu kikombe (si zile za kuiva dakika moja, hizo hugeuka tope). Maziwa nusu kikombe na tone. Mtindi vijiko viwili. Zabibu kavu kijiko kimoja. Chumvi, unayoweza kuishika kwa vidole viwili. Ndizi mbivu moja.

Namna ya kutengeneza: Changanya vyote isipokuwa ndizi katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Funika. Weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi koroga, katia ndizi, ule.

Ni laini, haiunguzi tumbo, utamu wake unatoka kwenye zabibu zilizovimba. Karatasi imekwisha. Kaka Boni anakusalimu.

Mwanao,
Ghati

*

Tarime, 19 Machi 2006

Ghati mwanangu,

Marahaba. Huku mvua imeanza vizuri na mahindi yamefika magotini. Silvanus ameripoti chuoni na godoro aliloliazima kwangu, sitaliona tena. Mimi sijambo. Tangu nistaafu naamka saa kumi na moja kama zamani, halafu sina kengele ya kupiga.

Nimesoma maelekezo yako nikiwa na kalamu nyekundu. Samahani, mkono ulikwenda wenyewe. Hati nzuri. Vipimo vinaeleweka. Kwamba chakula kinalala bila kupikwa na bado mnakiita chakula, hilo nakuachia wewe na Wamarekani wako. Sisi kilicholala tunakiita kiporo, na hatumpi mgeni. Lakini ni kwa ajili ya tumbo la mwanangu, kwa hiyo nimekubali.

Nimekukata alama mbili. Umeandika jina, mahitaji, na namna ya kutengeneza. Umeruka mstari wa pili. Nilikufundisha miaka minne sayansi kimu na kila Jumatatu nilisema kabla hujaandika hata chumvi, andika idadi ya walaji. Msichana asiyejua anapikia wangapi hapiki, anabahatisha.

Nimejaribu kuujaza mwenyewe huo mstari. Nusu kikombe cha oti. Ndizi moja. Hicho ni cha mtu mmoja, Ghati. Ninyi mko wawili.

Tena ulisema unaanza na swali la pili. La kwanza na la tatu nayasubiri. Mwambie Boniface kwamba kalamu haina uzito.

Shangazi yako,
Violet

*

Rockville, 23 Aprili 2006

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Theluji imekwisha na miti ya mtaani kwetu imechanua ghafla, yote kwa wiki moja, kama iliyoamriwa. Nimepona mafua. Nguo nzito nimezifua na kuzifungia.

Nisamehe ule mstari. Nilisahau tu. Kila mtu hapa huwa na chupa yake, ndiyo maana kipimo ni cha mmoja.

Nikueleze zaidi kuhusu Bwana Wayne, maana utampenda. Ana miaka themanini na minane. Jina langu limemshinda, ananiita Gadi. Asubuhi anataka chupa yake iwekwe mezani mbele ya dirisha, kijiko upande wa kulia, na hataki kuzungumza mpaka afike katikati. Kisha ananisimulia habari za mkewe. Alimwoa yeye mwenyewe akiwa karani wa forodha. Mkewe hakuwa mpishi, anasema, na ndiyo maana akapenda chakula kinachojipika chenyewe wakati watu wamelala. Wiki iliyopita aliniomba niongeze mdalasini. Nimeongeza. Jaribu na wewe, kama unapatikana hapo sokoni. Siku hizi nabadili matunda pia: tufaha lililokunwa, au embe la kopo. Ukiweka mbegu za maboga, ziweke asubuhi, zikilala zinalegea.

Kaka Boni ana mitihani, muda wake ni mdogo sana. Anakusalimu.

Mwanao,
Ghati

*

Tarime, 4 Juni 2006

Ghati,

Marahaba. Watu wote hapa wazima.

Nilinunua oti Musoma, kopo lenye vumbi, muuzaji mwenyewe aliuliza mgonjwa ni nani. Friji sina, kwa hiyo niliweka bakuli nyuma ya mtungi wa maji. Asubuhi ilikuwa imechachuka kidogo. Nilikula yote. Si mbaya. Inafanana na uji wa mama yangu, isipokuwa inatafunika.

Nilikula nikiwa peke yangu mezani, na nilipomaliza nikaisoma tena barua yako ya Aprili. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na moja. Mwanafunzi asiyejua jibu huandika kifupi au haandiki. Anayejua na hataki kusema huandika kurasa mbili juu ya jambo jingine, kwa mwandiko mzuri.

Namba ya simu ya Boniface hailii tangu Oktoba. Nilidhani ni mtandao wetu. Wewe nisingekupigia, kwenye simu ungesema "salama" halafu ukakata. Barua nitaisoma mara tatu, nawe unalijua hilo.

Sikuulizi tena habari za oti. Mwanangu yuko wapi?

Violet

*

Rockville, 20 Agosti 2006

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika mwishoni mwa Juni. Imekaa juu ya friji wiki nane. Kila jioni nimeiona, na kila jioni nimejiambia kesho.

Sijui yuko wapi. Aliondoka tarehe 10 Oktoba mwaka jana. Tangu siku hiyo salamu zake zote nilizokuandikia nilizitunga mimi.

Nikueleze kwa mpangilio, maana ukinisahihisha nataka usahihishe ukweli.

Ile chupa niliianza kwa ajili yake. Hilo si uongo. Kila jioni baada ya kuosha vyombo nilijaza mbili, nikaziweka sambamba, na asubuhi nilichukua yangu na kumwachia yake. Jioni niliikuta imeoshwa. Nilifurahi, nikasema walau hili nimemfanyia Shangazi.

Oktoba hiyo, siku moja Bwana Wayne alinituma kurudisha kitabu chake maktaba. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimkuta Boni kule nyuma kwenye meza za kusomea, kichwa kimelalia mkono, begi la chuo miguuni. Sikumwamsha. Nilitoka nje nikapiga simu chuoni Fairfax, nikajifanya naulizia malipo. Walisema mtu huyo hajaandikishwa tangu Januari.

Miezi tisa, Shangazi. Kila asubuhi alivaa, akabeba begi, akatembea dakika kumi na mbili mpaka maktaba, akakaa.

Wewe unanijua nikiwa nimeona kosa. Sikumuuliza kwa nini. Sikumuuliza kama ni ada, au masomo, au ugonjwa. Alipoingia jioni nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwambia, "Leo namwandikia mama yako."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Andika. Andika vizuri, maana msomi ni wewe."

Asubuhi nilikwenda kazini kama kawaida. Niliporudi, nguo zake hazikuwepo, na chupa yake ilikuwa palepale kwenye friji, mfuniko haujafunguliwa.

Sikuandika. Nilifikiri, kama sijaandika, hana sababu ya kutorudi. Kisha nikafikiri, kila mwezi ninaonyamaza ni mwezi ambao bado anaweza kufungua mlango na tukaendelea kama hakuna kilichotokea. Niliendelea kujaza chupa mbili. Asubuhi nilikula yake ya jana, jioni nikala yangu, nikajaza tena. Nilifanya hivyo mpaka Krismasi. Tangu Januari najaza moja. Ndiyo uliyoipima.

Ghati

*

Tarime, 17 Septemba 2006

Ghati,

Nimesoma mara tatu.

Kaa chini kama umesimama. Agosti ya mwaka jana nilimwandikia Boniface barua ambayo hakukuonyesha, naye alijibu Septemba kwa mistari minne tu. Nilimwambia nimeshawaambia watu wa kanisani na walimu wenzangu kwamba anarudi na digrii. Nilimwambia kama hana digrii, asiniletee mikono mitupu mlangoni. Niliandika kwa wino mweusi, nikanyoosha na mistari. Niliona ni barua nzuri ya kumtia moyo.

Kwa hiyo wewe ulipomtishia kwa jina langu, mimi nilikuwa nimekwisha funga mlango wa huku.

Mtafute. Usiende polisi, atakimbia zaidi. Waulize wanaosali Kiswahili, wanaoozesha, wanaozika. Mtu wa kwetu hawezi kukaa mwaka mzima bila kula pilau ya mtu. Ukimpata, mwambie nimesema kosa ni langu. Mwambie hivyo kabla hujasema kitu kingine.

Mama yake,
Violet

*

Rockville, 12 Novemba 2006

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kaa chini na wewe. Nimempata, ni mzima.

Nilifanya kama ulivyosema. Niliuliza. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kuuliza kulimaanisha kuwasemesha watu, na nimegundua kwamba katika miaka mitatu nimejuana na watu wanne. Mmoja wao ni Nkatha, dada wa Meru, ambaye hushika zamu ya jioni kwa Bwana Wayne. Tumekuwa tukipokezana funguo mlangoni mwaka mzima bila kuulizana kitu. Nilipomweleza, alisema, "Boniface wa Tanzania, mrefu, anacheka kwa pua? Si huyo nilimwona harusi huko Upper Marlboro, amebeba mtoto." Alisema hivyo huku akivua koti.

Jumamosi iliyofuata alinipeleka kwa gari lake.

Boni alifungua mlango mwenyewe, mtoto begani. Amenenepa. Hakunisalimu. Alisema, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kwamba kosa ni lake."

Aliketi chini hapohapo kwenye korido, mtoto bado begani, mgongo ukutani, na alikaa hivyo mpaka mama wa mtoto akatoka jikoni kuona kwa nini baridi inaingia. Jina lake Jepkosgei. Ni muuguzi, mtu wa Eldoret, na anasema kila linalomjia. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kumbe ni mdogo hivi? Vile huyu alikuwa akiniambia, nilidhani ni headmistress wa miaka sitini." Nkatha alicheka hadi akashika ukuta.

Mtoto ni wa Boni. Anaitwa Ethan, ana miezi minne. Boni ni mlinzi wa jengo la ofisi, zamu ya mchana. Tumbo halijamsumbua tangu Juni. Saa moja asubuhi wanakula mayai na chai ya maziwa pamoja, mtoto kwenye kiti chake. Nimeiona meza.

Tulipokuwa tunakula aliniuliza kama bado naloweka kile chakula cha kuku. Nikasema ndiyo. Akakiri kwamba hata siku moja hakukimaliza. Alikuwa akikibeba mpaka maktaba, anampa mzee mmoja aliyekaa nje kwenye benchi, kisha anaosha chupa msalani. Alisema hakutaka kunivunja moyo. Wote walicheka. Nilicheka nao.

Atakupigia simu, namba ya jirani yako nimempa. Kazi uliyonipa nimeimaliza.

Mwanao,
Ghati

*

Tarime, 10 Desemba 2006

Ghati mwanangu,

Marahaba. Alipiga Jumapili, nikiwa nimevaa tayari kwenda ibadani. Alianza kulia, nikamwambia asimalize salio kwa kulia, aseme. Akasema. Jepkosgei naye akachukua simu akanisalimu kwa heshima kubwa, kisha akaniuliza kama mwanangu alikuwa mvivu wa vyombo tangu utotoni. Nimempenda. Mtoto alipigwapigwa mgongoni akacheua, nikasikia. Jina la Ethan linapita kwa shida kwenye meno yangu, lakini nitajizoesha. Kanisani nilisimama nikasema nina mjukuu, na kwamba baba yake hana digrii. Hakuna aliyezimia.

Jana niliyatandaza makaratasi yako yote mezani, ya tangu ulipofika huko, kama nilivyokuwa nikitandaza madaftari. Nilitaka kuyasoma kwa furaha sasa. Nimeona magoti ya Bwana Wayne, theluji, tumbo la Boniface, bei ya nauli, miti kuchanua. Ulipata mafua ukaniambia ulipopona. Sikuona sentensi hata moja inayosema wewe unaishije. Nikakasirika. Nikasema, msichana huyu ananificha.

Halafu nikatafuta nakala za barua zangu, maana unajua huwa naandika kwanza kwenye daftari. Nikahesabu maswali. Boniface, Boniface, Boniface. Tumbo lake, masomo yake, mwandiko wake. Ulipoteza kaka, ukakaa na hilo miezi kumi, na ulipolisema nilikujibu kwa kukutuma kazi.

Ulikuja kwangu ukiwa na miaka saba, baada ya mazishi ya baba yako, na hukulia. Niliwaambia watu huyu ni mtoto mwenye nguvu. Nadhani tangu siku ile sijakuuliza.

Sasa nakuuliza. Habari yako wewe? Jibu hilo peke yake. Usinitumie maelekezo ya chakula.

Shangazi yako akupendaye,
Violet

*

Rockville, 14 Januari 2007

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa na swali lako wiki mbili. Neno la kwanza lililokuja ni sijambo, nikalifuta.

Naishi hivi. Siku ambayo siendi kwa Bwana Wayne, sauti yangu naisikia kwa mara ya kwanza jioni, nikisema ahsante dukani. Chumba cha Boni nimekiacha kitupu na mlango wazi, kwa sababu ukifungwa naona kama kuna mtu ndani. Nakula nimesimama. Hilo nililigundua nilipoona meza yao kule Upper Marlboro, na usiku ule nilijaribu kuketi, nikakosa pa kutazama.

Jumapili naenda kwenye ibada ya Kiswahili. Ni saa nane mchana, kwenye kanisa la kuazima, wenyewe wakishaondoka. Naimba, nasali, na wimbo wa mwisho ukianza natoka. Baada ya ibada wanapakua chakula kwenye ukumbi wa chini, na watu wakipakua huulizana unakaa wapi, unakaa na nani. Kwa mwaka mzima nilikuwa na jibu la uongo tayari, na sikutaka kulitumia kanisani. Sasa uongo umekwisha, lakini miguu imezoea mlango.

Jumapili iliyopita niliamka nikaiona chupa kwenye friji, na sikuweza kula. Sikuumwa. Sikutaka tu. Niliiacha nikaenda. Wimbo wa mwisho ulipoanza nilitoka kama kawaida, nikafika kwenye ngazi za nje, nikaketi. Kulikuwa na upepo mbaya. Watu wachache walipita. Kisha akapanda mama mmoja wa Nyeri ambaye huwa namwona mstari wa mbele, Mama Mumbi, amekumbatia sufuria kubwa iliyofungwa kwa kanga, anaitoa kwenye gari. Alinipita, akasimama, akarudi ngazi moja.

"Unangoja lifti?" aliniuliza.

Nilikuwa na sentensi kadhaa tayari. Nazijua, na wewe unazijua, umezisoma miaka mitatu.

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Nina njaa."

Ghati